Mwandiko uliopima watu: historia ya hati za Kichina

Maandishi ya kale zaidi ya Kichina yanayosomeka leo yalichongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe huko Anyang, kuanzia yapata mwaka 1250 KK. Ni maswali ya wafalme wa Shang kwa mizimu ya mababu: mvua, vita, uzazi. Qin Shi Huang alipoziunganisha dola za China mwaka 221 KK, aliamuru hati moja kwa nchi nzima. Makarani wenye kazi tele wakainyoosha mikunjo yake ili waandike upesi.

Kilichougeuza uandishi kuwa sanaa ni brashi ya manyoya na wino wa masizi na gundi. Ncha ile laini haifichi kitu: mkono ukisita wino hutuama, ukiharakisha mstari hukauka.

Mwaka 353, bingwa wa mwandiko Wang Xizhi, ambaye inasimuliwa kuwa alifundishwa na mwanamke, Wei Shuo, aliwaalika wenzake huko Lanting. Waliketi kandokando ya kijito wakitunga mashairi huku vikombe vya pombe vikielea majini. Dibaji aliyoyaandikia mashairi hayo ina herufi 324, na moja inayojirudia takribani mara 20 haina umbo lile lile mara mbili. Taizong, mfalme wa Tang, aliipenda mno hata ikasemekana alizikwa nayo. Zilizobaki ni nakala.

Hata hivyo, kazi inayogusa zaidi ni rasimu ya Yan Zhenqing ya mwaka 758, akimlilia kijana wa ukoo wake aliyeuawa katika uasi wa An Lushan. Maneno yamekatwa na kuandikwa upya, wino umepauka pale alipoendelea bila kuchovya. Karatasi hiyo, iliyohifadhiwa Taipei, inaheshimiwa kwa sababu uchungu wake haukusafishwa.

Enzi hizo za Tang, mwandiko ulikuwa kigezo kimojawapo cha kuteua maofisa. Ulikuwa njia ya cheo, lakini kwa wanaume tu. Baadaye, chini ya enzi ya Song, makarani walinakili upya majibu ya mitihani ya serikali ili msahihishaji asiutambue mkono wa mtahiniwa.

Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905, na mwaka 1956 serikali ikaanza kurahisisha herufi. Brashi ikatoka ofisini, ila haikutoka majumbani: kila mwaka mpya, milango hubandikwa karatasi nyekundu zenye beti za heri. Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha sanaa hii katika urithi wa binadamu.