Bahari Haina Reli: Historia ya Chombo cha Kuepushia Migongano ya Meli

Wilaya za Handeni na Korogwe haziko pwani. Mtu wa Chanika au wa Magunga aweza kuishi umri wake wote bila ya kukanyaga sitaha ya meli, wala asione upungufu wowote katika maisha yake. Walakini mali ya nchi hiyo imeelekea baharini kwa zaidi ya karne moja. Miche ya mkonge iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ilistawi ikaenea bondeni. Reli iliyoanzia Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Na tangu hapo singa zilizokaushwa juani zikashuka kwa treni mpaka bandarini, zikapakiwa melini zikaenda kusokotwa kamba katika nchi za mbali.

Siku hizi njia nyingine imechorwa katika ardhi hiyo hiyo. Tarehe 5 Agosti 1917 haikuijua. Ni tarehe 5 Agosti 2017, karne kamili baadaye, ndipo lilipowekwa huko Chongoleani, Tanga, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima katika Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kipimo chake ni kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Katika mkoa wa Tanga njia yake hupita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika pwani. Mwisho wa bomba ni mwanzo wa safari ya meli, na meli ya mafuta ikigongana na nyingine, hasara yake haimalizikii kwa mabaharia waliomo. Kwa hiyo yatupasa sisi wa bara na wa pwani pamoja kujua meli huepushwaje na migongano, na chombo kitumikacho kwa kazi hiyo kilizaliwa kwa shida gani.

Tuanze na lile tulijualo. Reli ya Tanga ni ya njia moja. Treni mbili zikielekeana juu yake, hapana hata moja iwezayo kupisha kando. Hupishana stesheni tu, na kanuni ya njia kama hiyo ni kwamba treni haiondoki mpaka ijulikane kwamba kipande cha mbele ki wazi. Usalama wake umo katika chuma na katika ruhusa. Bahari haina chuma hicho wala haina stesheni masta. Kila nahodha hujichagulia njia, naye hujua nia ya mwenzake kwa kumtazama tu.

Mataifa yalijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria. Uingereza na Ufaransa zilipatana kanuni mwaka 1863. Mkutano wa Washington wa mwaka 1889 ukazipanua. Na kanuni zitumikazo sasa zilikubaliwa London mwaka 1972, zikaanza kufuatwa mwaka 1977. Hizo husema nani apishe na nani ashike njia yake, na taa zipi ziwashwe usiku. Lakini sheria ya kupishana humfaa yule amwonaye mwenziwe. Ukungu ukishuka, au mvua ya masika ikifunga upeo wa macho, sheria hubaki kitabuni.

Mwaka 1904, miaka miwili baada ya treni kufika Korogwe, kijana wa Kijerumani aitwaye Christian Hülsmeyer alionyesha mjini Cologne, kando ya mto Rhine, chombo kilichotuma mawimbi ya umeme na kuyapokea yaliporudi baada ya kupiga chuma cha merikebu. Alikusudia hasa kuepusha migongano ya meli gizani na katika ukungu. Wenye meli hawakukinunua, na fikira hiyo ikalala miaka mingi, mpaka hofu ya vita ilipoiamsha. Baada ya mwaka 1945 rada ilitoka katika manowari ikaingia katika meli za biashara, na watu wengi wakadhani kwamba msiba wa kugongana umekwisha.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 dhana hiyo ilivunjika. Meli ya abiria ya Kiitalia, Andrea Doria, ilikuwa ikikaribia Marekani katika ukungu. Stockholm ya Kiswidi ilikuwa ikitoka. Zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilimwona mwenziwe kiooni kutoka maili kadhaa. Mmoja alidhani watapishana upande wa kulia, akageukia kushoto. Wa pili alidhani watapishana upande wa kushoto, akageukia kulia. Watu 51 walikufa, na asubuhi yake Andrea Doria ikazama. Bahati njema, zaidi ya 1,600 waliokolewa.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa walionana, waligonganaje? Jawabu ni kwamba kuona nukta ni jambo moja, na kujua nukta inakwenda wapi ni jambo jingine. Fikiri mtu aliyeketi katika basi likaribialo njia panda ya Segera, akamwona dirishani mwendesha baiskeli ajaye kwa njia ya pembeni. Ikiwa baiskeli yarudi nyuma katika dirisha, basi litatangulia. Ikiwa yasogea mbele, baiskeli itatangulia. Lakini ikiwa imesimama mahali pale pale dirishani, nayo yazidi kuwa kubwa, wawili hao watakutana njia panda. Baharini ni vivyo hivyo: chombo kisichobadili upande wake kwa dira, huku umbali wapungua, ni chombo cha kugongana nacho.

Kwa hiyo afisa wa zamu alifundishwa kuchora. Alipima upande na umbali wa nukta, akaitia karatasini. Baada ya dakika sita, ambazo ni sehemu ya kumi ya saa, alipima tena. Ikiwa mara ya kwanza umbali ulikuwa maili 12 na mara ya pili maili 10, na upande ni ule ule, alijua kwamba maili mbili zimeliwa kwa dakika sita, na kwamba amebakiwa na nusu saa. Hesabu hiyo si ngumu kwa meli moja. Penye meli nane karibu na mlango wa bandari, usiku, na simu inalia, mkono wa mtu mmoja hautoshi. Mara nyingi mchoro uliachwa, na afisa akakisia kwa jicho.

Hapo ndipo kompyuta ilipoitwa kusaidia. Mwaka 1969 kampuni ya Norcontrol ya Norway ilitia katika meli Taimyr chombo cha kwanza cha biashara kilichochora chenyewe. Jina lililokaa ni arpa, lililoundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya msaada wa rada wa kujichorea. Mwaka 1979 shirika la kimataifa la mambo ya bahari liliweka vipimo vyake, na kuanzia tarehe 1 Septemba 1984 meli za tani 10,000 na zaidi zikaanza kulazimishwa kuwa nacho. Kwa vipimo hivyo, chombo kinachojishikia nukta chenyewe kilitakiwa kuweza kufuata 20 kwa pamoja; katika dakika moja kionyeshe zielekeako, na katika dakika tatu kitabiri mwendo wao. Kwa kila meli humwambia afisa mambo mawili yaliyo roho ya kazi hii: watapitana kwa umbali gani wakiwa karibu kabisa, na baada ya dakika ngapi. Tena humruhusu kujaribu kiooni geuko alilokusudia, aone matokeo yake kabla ya kugusa usukani.

Faida hiyo ni kubwa, wala hapana baharia mwenye akili atakaye kurudi katika karatasi. Ila chombo hutegemea kile kilishwacho. Kipimo cha mwendo kikikosea, utabiri nao hukosea. Nukta mbili zikipita karibu karibu, aweza kuzibadilisha akamvika mmoja mwendo wa mwenziwe. Na mistari ya kiooni yaweza kuonyesha mwendo halisi au mwendo wa kulinganisha, ole wake afisa asomaye huu akidhani ni ule.

Bahari ya ndugu zetu wa Oman yatupa mfano wa nyakati mbili. Tarehe 19 Desemba 1972, kabla ya sheria ya arpa, meli ya mafuta Sea Star iligongana na Horta Barbosa katika Ghuba ya Oman, ikawaka moto, ikazama, na tani zipatazo 115,000 za mafuta zikapotea. Tarehe 17 Juni 2025, miaka zaidi ya 40 tangu sheria hiyo ianze, Front Eagle na Adalynn ziligongana katika ghuba hiyo hiyo. Mabaharia 24 wakaokolewa kutoka Adalynn, na taarifa ya awali ya Falme za Kiarabu ikataja kosa la uamuzi katika uongozaji wa meli mojawapo. Vyombo viliongezeka, haja ya busara haikupungua.

Kwa pwani ya Tanga liko jambo zito kuliko yote hayo. Rada huona chuma vizuri, na mbao kwa shida. Ngalawa iliyo chini ya uso wa mawimbi nusu, au mashua ya wavuvi wa dagaa yenye karabai moja, hurudisha mwangwi hafifu ambao huzama katika ghasia za mawimbi. Arpa haiwezi kufuata nukta isiyokuwapo. Waliotunga kanuni za mwaka 1972 walilijua hilo: waliagiza nahodha akumbuke, anapochagua mwendo wake, kwamba vyombo vidogo huenda visionekane na rada, tena waliagiza ulinzi wa macho na masikio usikome hata mara moja. Maji hayo ndiyo yenye wavuvi wa Chongoleani na Tongoni, na ndiyo yenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa zama za kale.

Dawa si ya gharama kubwa. Vipande vya bati vilivyounganishwa pembe kwa pembe na kutundikwa mlingotini hurudisha mawimbi ya rada kwa nguvu, hata ngalawa ikaonekana kiooni. Taa nyeupe iwashwayo mapema humwonya mlinzi aliye juu ya meli. Katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam vijana hufundishwa rada na arpa. Nao yafaa wafundishwe kwa mkazo ule ule kwamba kioo kitupu si bahari tupu. Kijana wa Handeni au wa Korogwe atakayeshika zamu katika meli ya mafuta atakuwa na mashine iwezayo kuhesabu meli 20 kwa mara moja. Mvuvi wa ishirini na moja, aliye katika mti uliochongwa, atakuwa mikononi mwa macho yake.