Kenya na Ethiopia zinavyogawana umeme, na Ziwa Turkana lililo kati yao

UMEME unaozalishwa kwa nguvu za maji ya mito ya Ethiopia umekuwa ukimulika nyumba na kuendesha viwanda vya Kenya tangu Novemba 2022, mataifa haya mawili jirani yalipoanza rasmi biashara ya kawi safi.

Umeme huo husafirishwa kwa laini yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Laini hiyo huanzia Wolaita Sodo, kusini mwa Ethiopia, ikapitia kaunti kadhaa za kaskazini mwa Kenya zikiwemo Marsabit na Samburu, na kuishia Suswa katika Kaunti ya Narok. Ina nguvu za kilovolti 500 na inaweza kubeba hadi megawati 2,000. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Shirika la Maendeleo la Ufaransa ni miongoni mwa waliofadhili mradi huo.

Laini hiyo ni tofauti na zile za kawaida. Katika kituo cha Wolaita Sodo, umeme hubadilishwa ili utiririke kuelekea upande mmoja tu bila kugeukageuka, kisha hurudishwa katika hali yake ya kawaida unapofika Suswa. Mbinu hii hupunguza kiasi cha umeme kinachopotea njiani katika safari ndefu. Aidha, huwezesha mitambo ya nchi mbili kuunganishwa bila kulazimika kwenda kwa mwendo mmoja.

Kwa mujibu wa mkataba uliotiwa sahihi Julai 2022, kampuni ya Kenya Power hununua umeme kutoka kwa shirika la Ethiopian Electric Power kwa muda wa miaka 25. Kiwango kilichokubaliwa kwa miaka mitatu ya kwanza ni megawati 200, na baada ya hapo kinaweza kuongezwa hadi megawati 400. Bei iliwekwa kuwa senti 6.5 za Dola ya Marekani kwa kila kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Hiyo ni nafuu kubwa ikilinganishwa na gharama ya mitambo inayotumia mafuta ya dizeli.

Manufaa ya ushirikiano huu hayaishii kwenye bei. Ethiopia hutegemea maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake, na mvua zake kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo sehemu nyingi za Kenya huwa zimemaliza masika. Kenya nayo ina mvuke wa ardhini huko Olkaria, ambao hautegemei mvua, na mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wa upepo huo pia hufika Suswa. Kwa hiyo upande mmoja ukipatwa na ukame au upepo ukitulia, upande wa pili unaweza kuuauni.

Biashara ya namna hii si ngeni katika eneo hili. Bwawa la Owen Falls nchini Uganda lilizinduliwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata kukawa na mkataba wa kuuzia Kenya umeme. Mwaka 2005 mataifa ya Afrika Mashariki yaliunda muungano wa kuunganisha mitambo yao, na mnamo Desemba 2024 laini ya kilovolti 400 kati ya Kenya na Tanzania iliwashwa.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa ujirani huu. Umeme unaofika Suswa hautoki katika bwawa moja, lakini mojawapo ya yale makubwa yanayoulisha mfumo wa Ethiopia ni Gibe III, lenye kimo cha mita 243 na uwezo wa megawati 1,870. Limejengwa kwenye mto Omo, na mto huo ndio huleta takriban asilimia 90 ya maji yanayoingia Ziwa Turkana.

Bwawa hilo lilianza kujazwa mwaka 2015 na kuzinduliwa Desemba 2016. Katika kipindi hicho, kina cha ziwa kilishuka kwa zaidi ya mita moja. Juni 2018, Shirika la UNESCO liliziweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya turathi za dunia zilizo hatarini. Baadaye, mvua kubwa zilizoanza mwaka 2019 ziliinua tena maji ya ziwa na hata kufurika ufuoni.

Kupanda huko kwa maji hakukumaliza tatizo. Samaki kama ngege hutegemea mafuriko ya kila mwaka ya mto Omo, ambayo huleta rutuba na kufunika nyanda za chini wanakozaliana. Bwawa hulainisha mtiririko huo, nayo mashamba makubwa ya miwa yaliyo chini yake huchota maji ya kunyunyizia. Jamii za Waturkana, El Molo na Dasenach ndizo zinazobeba mzigo huo, ilhali wengi wao wangali hawajaunganishiwa umeme.

Mfano wa kushughulikia jambo hili uko karibu. Katika maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, Rwanda, Burundi na Tanzania zinamiliki kwa pamoja kituo cha megawati 80 na kugawana umeme wake sawa kwa sawa. Usanifu wake ulibadilishwa kabla ya ujenzi ili kisizuie maji mengi na kuwahamisha watu wengi.

Kwa Kenya na Ethiopia, makubaliano ya maji yamebaki nyuma ya yale ya umeme. Kinachohitajika chajulikana: kupeana takwimu za mtiririko wa Omo, kufungulia maji kwa msimu ili mafuriko yafike ziwani, na kuwashirikisha wavuvi katika maamuzi. Nchi hizi zimeandaa makongamano mawili ya kwanza ya Afrika kuhusu tabianchi, Nairobi mwaka 2023 na Addis Ababa mwaka 2025. Kawi itaitwa safi kikamilifu pale mvuvi wa Turkana naye atakapohesabiwa miongoni mwa wanaofaidika nayo.