Bunduki tatu ndani ya soko la Nyangwe

Somo: Marko 13:32-37

Tumeingia majuma ya Majilio, tunangojea Noeli na kukumbuka kwamba Yesu atarudi. Kila mwaka tunaambiana: kesheni! Lakini anayekesha anafanya nini? Historia ya hapa kwetu inatusaidia kujibu.

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe. Alifika mwisho wa mwezi wa tatu, akatafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba, akaikosa. Katika kungoja huko alizoea kwenda sokoni. Nyangwe ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani, lakini soko lilikuwa la wenyeji, na wengi wao walikuwa wanawake. Walileta samaki, kuku, chumvi, mawese na vyungu. Hata vijiji vilipogombana, mwanamke aliyekwenda sokoni hakuguswa.

Tarehe 15 mwezi wa saba, milio ya bunduki ilisikika tangu asubuhi ng'ambo ya mto. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe walikuwa wanachoma vijiji. Walikasirika kwa sababu Manilla, aliyekuwa mtumwa, alifanya udugu wa damu na machifu wa huko. Hata hivyo watu wapata 1,500 walikuja sokoni. Tusiwalaumu. Watoto wanataka kula hata siku ya vita.

Livingstone aliwaona watu watatu wa Dugumbe wakiwa na bunduki katikati ya soko. Aliandika kwamba alishangaa, akataka kuwakemea. Mmoja wa watu wake aliwakemea kweli. Yeye mwenyewe alifikiri: hawa ni wageni, hawajui desturi. Jua lilikuwa kali, akaanza kuondoka. Akamwona mmoja wao akigombania kuku. Kabla hajafika mbali, bunduki zikalia. Kikundi kingine kikapiga upande wa kijito, ambako mitumbwi kama 50 ilikuwa imebanana. Watu walijitupa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Ndugu zangu, Livingstone hakuwa amelala. Aliona, na moyo wake ulimwonya. Kisha akajipa sababu ya kunyamaza. Hatusemi kwamba neno lake lingezuia damu ile: yule mtu wake alisema, na bunduki zililia vilevile. Lakini yule aliyesema, ambaye hatujui hata jina lake, alifanya kazi ya bawabu. Katika somo letu, mwenye nyumba anaposafiri anamwagiza bawabu akeshe. Bawabu hapewi kazi ya kukisia saa ya kurudi kwa bwana wake. Amewekwa mlangoni aone na aseme. Ezekieli 33 inasema hivyohivyo: mlinzi anaulizwa kama alipiga baragumu, na mengine ni ya Mungu.

Baadaye Livingstone alisema. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo alikuwa anaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Habari ya Nyangwe ilifika Uingereza mwaka 1872, ikawapa nguvu waliopinga biashara ya watumwa. Tarehe 5 mwezi wa sita 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Waliozama Lualaba hawakurudi, lakini ushuhuda haukupotea.

Leo pia tunaona mambo, tunasema, "Labda hawajui." Binti wa jirani haendi tena shuleni, anaandaliwa kuolewa akiwa mtoto. Kwenye barza watu wanacheka kabila fulani, na kicheko kinageuka matusi. Mgeni anawaita vijana wetu usiku kwa ahadi ya pesa. Mtu anajiita nabii, anamwambia mama mgonjwa aache dawa. Tunaona, jua ni kali, tunakwenda zetu.

Tunakesha usiku kwa maombi, na ni vema. Lakini tukitoka kwenye mkesha, tukaona bunduki sokoni tukapita, tumelala macho wazi. Bwana akirudi, atukute mlangoni, na sauti zetu zikisikika.

Tuombe: Bwana Yesu, tupe macho ya kuona mapema, na kinywa cha kusema kabla ya kilio. Amina.