Filamu Iliyopigwa Marufuku na Mpaka Unaopitika: Busia na Malaba

Februari 2015 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Fifty Shades of Grey. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya E. L. James ya 2011, inaonyesha mapenzi ya kuamuru na kutii: tajiri anamtaka mwanafunzi akubali kufungwa na kuchapwa, na wawili hao wanajadili mkataba wa maandishi. Insha hii inadai kwamba marufuku hiyo ilijibu swali la heshima, ikaacha swali la ridhaa.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi 1902 upande wa Busia ulio Kenya leo ulikuwa sehemu ya Uganda. Waingereza walipousogeza mpaka, Wasamia na Waiteso walibaki pande zote mbili. Hadi leo Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, na Malaba vilevile, mmoja ukiwa Tororo.

Sheria, hata hivyo, ni mbili. Bodi ya Kenya hutumia sheria ya filamu ya 1962, iliyotungwa kabla ya uhuru, inayokataza picha zinazokiuka adabu. Uganda ina Sheria Dhidi ya Ponografia ya mwaka 2014. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu, kikiwemo kile kilichoeleza maana ya ponografia.

Zaidi ya hayo, katika vibanda vya video vya Uganda, filamu za kigeni hutafsiriwa kwa Kiganda na maveejay, wanaoongeza mzaha na maoni yao. Bodi hukagua picha, lakini ulimi wa mkalimani haukaguliki. Wala simu iliyobeba filamu mfukoni haisimami forodhani.

Uingereza na Marekani, watetezi wa wanawake waliopigwa majumbani walipinga filamu hiyo kwa hoja tofauti: kwamba inamwonyesha mwanamume anayemfuatilia na kumdhibiti mwenzake kana kwamba huo ndio upendo. Hoja hiyo ingepata msingi hapa kwetu. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Je, mwanafunzi mbele ya tajiri ana uhuru huo?

Kijana wa Busia ataiona filamu, ama upande huu ama ule. Marufuku imemwambia asitazame. Haijamfundisha kutofautisha mchezo uliokubaliwa na ukatili uliovikwa jina la mapenzi, na tofauti hiyo ndiyo atakayoihitaji maishani.