Naloksoni na Njia Panda ya Segera

Heroini ilianza kuingia pwani ya Tanzania miaka ya 1980, na serikali ilichukua muda mrefu kuutazama uraibu kama ugonjwa. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, ambako mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Baadaye huduma ikafika Tanga mjini. Lakini Segera, njia panda ya wasafiri wa Handeni na Korogwe, iko mbali na mji kwa zaidi ya kilomita 70, na aliyezidisha heroini anaweza kufa kwa kukosa pumzi ndani ya dakika chache.

Naloksoni, dawa iliyobuniwa miaka ya 1960, humrudishia pumzi aliyezidisha heroini. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri hata ndugu na wenzake mtumiaji waweze kuipata, maana wao ndio huwa karibu. Wapo wanaohofu kwamba itawatia moyo watumiaji. Lakini anayezinduliwa nayo huamka na arosto kali, yaani maumivu ya kukosa dawa, wala haonji raha yoyote. Wengine watasema dawa ya hospitali haifai mikononi mwa raia. Historia yetu inawajibu: mwaka 2003, mkoani Ruvuma, serikali ilianza kuwafunza wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, wakaruhusiwa kuuza hata baadhi ya dawa za cheti, na mpango ukaenea nchini. Kwa kuwa nguvu ya naloksoni huisha upesi, mgonjwa lazima bado awahishwe hospitali ya Magunga, Korogwe, au ya Handeni. Wizara ya Afya iifikishe kwenye maduka hayo, na wauzaji wafundishwe kuitumia.