Sauti ya Wavuvi wa Kusini

Kwa wavuvi wa mwambao wa Mtwara na Lindi, bahari ndiyo shamba. Shamba hilo liliharibiwa kwa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, tena huvunja matumbawe wanamozaliana, ambayo huchukua miaka mingi kuota upya.

Katika miaka ya 1990 wavuvi wenyewe walipaza sauti. Wakisaidiwa na mradi wa RIPS uliogharimiwa na Ufini, walieleza dhiki yao katika picha za video zilizoonyeshwa kwa viongozi. Kisha wakaungana katika chama chao, Shirikisho, ili kuilinda bahari na kuelimishana.

Mwaka 2000 ndipo ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 hivi. Ndani yake mna vijiji, Msimbati kikiwa kimojawapo.

Historia hii yatufunza jambo. Sheria huweka mipaka, lakini anayekesha baharini ni mvuvi. Tusipomshirikisha, hifadhi ataiona kuwa mali ya wengine. Tukimshirikisha, ataitetea kama alivyolitetea shamba lake kabla ya hifadhi kuwapo.