Ndege Iliyojeruhiwa Haianguki Papo Hapo

Wapenzi wa michezo ya kompyuta ya urushaji ndege hupenda kupima uhalisia kwa macho. Wakiona moshi mweusi, bawa linalokatika na moto unaolipuka, husema mchezo umefikia ukweli. Kipimo hicho hakitoshi, kwa maana ndege halisi ikijeruhiwa mara nyingi hubaki angani ikiwa imepungukiwa, na rubani huwa na dakika chache za kuamua la kufanya. Tarehe 1 Februari 1943, ndege ya Marekani aina ya B-17, iliyoitwa All American, iligongwa na ndege ya Kijerumani juu ya Tunisia. Mkia wake ulikaribia kukatika, lakini ilirudi kambini Algeria na kutua. Kinyume chake, injini ya Merlin iliyoendesha ndege ya kivita ya Spitfire ilipozwa kwa kimiminika, hivyo tundu moja la risasi kwenye rejeta lingeweza kuiua baada ya dakika chache, wakati ndege kwa nje inaonekana nzima. Injini ya ndege ya kivita ya P-47, iliyopozwa kwa hewa, haikuwa na udhaifu huo. Ukubwa wa jeraha, basi, hautuambii yatakayofuata, na mchezo unaojali ukweli ni ule unaoyafuatilia hayo yatakayofuata.

Michezo mingi ya mwanzo haikuweza kazi hiyo. Kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na njia rahisi ilikuwa kuipa ndege akiba ya uhai inayopungua kila inapopigwa: mpaka risasi ya mwisho inaruka kama mpya, kisha inalipuka. Red Baron ya mwaka 1990, iliyohusu Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimwachia mchezaji achague mwenyewe kiwango cha ugumu, hata bunduki kukwama katikati ya pambano. Hatua kubwa ilikuja mwaka 2001, pale IL-2 Sturmovik, kazi ya kundi la Oleg Maddox huko Moscow, ilipoigawa ndege katika sehemu nyingi zinazoharibika kila moja kwa namna yake. Mafuta yaliweza kuvuja, oili ikatapakaa kwenye kioo cha mbele, usukani ukapoteza nguvu. Kuanzia hapo mchezaji alilazimika kujiuliza swali la rubani wa kweli: nirudi, niruke kwa parachuti, au nitafute shamba la kutua?

Wapo wanaodai kwamba ugumu huo unaharibu burudani. Dai hilo lina uzito kwa anayeanza, ila Red Baron ilikwisha kulijibu kwa kumpa kila mtu uhuru wa kuchagua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna ajuaye kwa hakika jinsi ndege iliyoharibika inavyoruka, kwa hiyo uigizaji wowote ni kubahatisha. Historia inalipinga. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United 232, aina ya DC-10, ilipoteza haidroliki zote, yaani nguvu inayosukuma usukani, na marubani wakaiongoza hadi Sioux City kwa nguvu za injini mbili zilizobaki. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 walinusurika. Wachunguzi waliliigiza tukio hilo katika mashine za mafunzo na kuona kwamba kutua salama katika hali ile hakuwezekani kwa vitendo. Uigizaji ndio uliowaonyesha ukubwa wa tatizo, na mwaka 1995 NASA iliitua ndege ya MD-11 kwa kutumia nguvu za injini peke yake, zikiongozwa na kompyuta.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba Microsoft Flight Simulator ya 2020, iliyoichora dunia nzima kwa ustadi mkubwa, hukatiza picha ndege inapoanguka. Anayesema kwamba mabaki ya ajali ya ndege ya abiria si burudani ana haki, na hoja hii haiyadai mabaki hayo. Inadai dakika zinazotangulia: injini inayopoteza nguvu, usukani unaokuwa mzito, uwanja wa ndege ulio mbali kuliko inavyofaa. Watengenezaji wenye muda na fedha chache wautumie uwezo wao hapo kwanza, maana hapo ndipo mchezaji anapojifunza kazi ya rubani.